Kondo Lililorudi Nyumbani

Asubuhi hiyo Te Paea alikuwa jikoni akimenya viazi vitamu. Nje, upepo wa baharini ulikuwa ukipeperusha nguo kambani. Taulo za vyombo zilikuwa na kamba yao. Nguo za mwilini zilikuwa na kamba yao. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo alivyomfundisha mkwe wake, Raukura.

Raukura alikuwa ameketi kwenye kochi, miguu ameinyoosha. Mimba hiyo ilikuwa yake ya kwanza, na sasa tumbo lilimtangulia kila alikokwenda. Mumewe, Tamihana, alikuwa msituni akikata magogo na wenzake.

"Mama," alisema Raukura, "mkunga mpya anakuja leo. Yule wa zamani amehamia kwa binti yake."

"Ni mtu wa hapa?"

"Ametoka kusini. Mzungu. Anaitwa Morag."

"Jina gani hilo, kama mtu anakohoa."

Raukura akacheka. "Ukimwambia hivyo, Mama, mimi nitajificha chini ya kitanda."

"Hutoshi chini ya kitanda, wewe."

Morag alifika akiwa na mkoba mkubwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye nywele nyekundu na mwendo wa haraka. Alivua viatu mlangoni. Te Paea aliliona hilo na akalipenda. Akampa chai, na Morag akanywa.

Kisha kazi ikaanza. Morag alimpima Raukura presha. Akasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Akampa kikombe kidogo akaweke mkojo. Raukura alipokileta, Morag alikipokea, akakiweka mezani ili akipime. Ilikuwa meza ya kulia chakula. Pembeni ya kikombe kulikuwa na mkate wa Te Paea, bado wa moto.

Raukura alimtazama mama mkwe wake. Te Paea aliutazama mkate. 

Kwa watu wa Te Paea, wenyeji wa asili wa nchi ile, chakula na vitu vya mwilini havikai pamoja. Meza ya kulia ni ya kulia tu. Hakuna anayeikalia, wala kuiwekea sega, wala kofia. Mtoto mdogo anayajua hayo kabla hajajua kuhesabu. Lakini Morag hakukulia nyumba ile.

"Mkojo ni safi," alisema Morag, akianza kufunga mkoba wake. "Mama anaendelea vizuri. Kuna swali?"

Te Paea alikuwa nalo moja, na alikuwa amelibeba kwa miaka mingi. "Mtoto akizaliwa, whenua yake tutapewa?"

"Samahani, nini?"

"Kondo la nyuma."

"Aa. Sijui hospitali ya huku ina utaratibu gani. Tutaona siku hiyo." Simu ya Morag ikalia. Mama mwingine alikuwa na uchungu. Akavaa viatu, akaondoka mbio.

Tutaona siku hiyo. Te Paea alibaki amesimama na kisu mkononi. Maneno hayo alishawahi kuyasikia.

Kwa lugha ya watu wake, ardhi na kondo la nyuma vina jina moja. Vyote viwili ni whenua. Kondo humlisha mtoto akiwa tumboni. Ardhi humlisha akishazaliwa. Kwa hiyo kondo hurudishwa ardhini, kwenye ardhi ya wazee wake, ili mtoto awe na pa kusimama. Hata sisi tunaosema Kiswahili, tukitaka kujua kwao mtu ni wapi, humwuliza kitovu chake kimezikwa wapi.

Mtoto wa kwanza wa Te Paea, Rongo, alizaliwa zamani katika hospitali ya mjini. Te Paea aliomba kondo lake. Akaambiwa, tutaona. Alipoomba tena, lilikuwa limeshachomwa pamoja na takataka. Hakuna aliyemwuliza. Hakuna aliyemwomba radhi. Rongo alikua, akaenda Australia kufanya kazi migodini. Alihama mji huu, akahamia ule. Hata misiba haikumrudisha nyumbani. Watu walikuwa na sababu zao za kueleza jambo hilo. Te Paea alikuwa na yake.

Aliuchukua mkate akawatupia kuku. Akachemsha maji, akaisugua meza mpaka ikang'aa.

"Huyu hatufai," alisema.

"Labda hajui tu, Mama."

"Hajui, wala haulizi."

Siku ya kliniki ilipofika, Te Paea hakuwasha gari. "Wewe ni mzima," alimwambia Raukura. "Mama yangu alizaa nyumba nzima ya watoto bila kumwona mkunga wa kukodi." Raukura alitaka kwenda, lakini hakutaka kumwudhi mama mkwe wake. Akanyamaza. Morag alipiga simu. Te Paea akapokea, akasema Raukura amelala. Morag akapiga tena siku nyingine. Raukura akawa amelala tena.

Tamihana alipouliza, aliambiwa mambo yako sawa. Alikuwa akirudi jioni, amechoka, mavumbi ya mbao mpaka kwenye nyusi. Akaamini.

*

Mimba ilipokaribia mwezi wa tisa, Hūria alikuja na ndoo ya kome. Hūria ni binamu yake Te Paea na nyumba zao zinatazamana. Alikuwa mkunga hospitalini kwa miaka mingi, mpaka magoti yakamwambia basi.

"Leo bahari ilikuwa na huruma," alisema Hūria. "Mkwe yuko wapi? Nimemwekea wale wakubwa."

"Amelala. Kichwa kinamwuma."

Hūria akaweka ndoo chini. "Kinamwuma vipi?"

"Kichwa ni kichwa. Nimempa maji ya majani ya kawakawa."

Hūria akaingia chumbani. Pazia lilikuwa limefungwa. Raukura alikuwa amelala na kitambaa kibichi kwenye paji la uso. Hūria akakaa kwenye kiti kando ya kitanda, akaushika mkono wake.

"Pete yako ya ndoa iko wapi, mwanangu?"

"Haiingii tena, Shangazi. Vidole vimevimba."

"Kichwa tangu lini?"

"Tangu juzi. Hakiachi."

"Na macho?"

"Naona kama vimulimuli. Mchana huu huu."

Hūria akagusa chini ya mbavu zake, upande wa kulia. Raukura akajikunja.

"Panauma," alisema. "Nilidhani mtoto anapiga teke."

Hūria akatoka. Alimkuta Te Paea akiosha kome, mgongo ameugeuza.

"Dada, acha hao kome. Mkunga wenu anasemaje?"

Maji ya bomba yaliendelea kutiririka.

"Te Paea. Mkunga anasemaje?"

"Tumeacha kwenda."

"Mmeacha?"

"Aliweka mkojo kwenye meza yangu. Karibu na mkate. Nikamwuliza habari za whenua, akasema tutaona siku hiyo." Te Paea akageuka. "Tutaona siku hiyo, Hūria. Wewe unajua."

Hūria alijua. Yeye ndiye aliyekaa na Te Paea alipotoka hospitali na Rongo mikononi, analia, hataki kula. Akapunguza sauti.

"Najua. Na uchungu wako ni wa haki. Lakini huyu mkunga wa leo, ulimwambia?"

"Kwani ni kazi yangu kumfundisha mtu mzima?"

"Basi nani amfundishe? Hawa kome?"

Te Paea akakaa kwenye kiti.

"Sasa nisikilize," alisema Hūria. "Majani ya kawakawa ni mazuri. Yamenisaidia mimi, yamekusaidia wewe. Lakini hili si la majani. Kichwa kisichoacha, kuvimba uso na mikono, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu. Hiyo ni presha ya mimba. Inapanda kimyakimya. Ndiyo maana wanapima presha na mkojo kila mara, hata mtu akiwa mzima. Ikizidi, mama anaanguka na degedege. Wanakiita kifafa cha mimba. Kinaweza kumchukua yeye, na kinaweza kumchukua mtoto."

"Mama yangu alizaa nyumbani."

"Alizaa nyumbani, na wawili akawazika kule mlimani. Umesahau?"

Te Paea hakuwa amesahau. Alikuwa akiwapelekea maua kila mwaka. Akamwona Raukura akilini mwake, amelala chumbani na pazia limefungwa, na akaona kwamba ni yeye aliyelifunga.

Hūria akatoa simu mfukoni. Te Paea akanyoosha mkono.

"Lete. Nitapiga mimi."

Morag alipokea mara moja.

"Ni mama mkwe wa Raukura," alisema Te Paea. "Mtoto wangu anaumwa kichwa. Amevimba. Njoo." Akaongeza: "Tafadhali."

*

Morag alifika upesi. Alivua viatu, akaingia, akasimama katikati ya sebule na mkoba wake. Aliiangalia meza, kisha akamwangalia Te Paea. Alionekana kama mtu anayejua kuna kosa lakini hajui liko wapi.

Te Paea alikuwa ameshaweka kigoda karibu na dirisha, na juu yake kitambaa safi.

"Vitu vyako weka hapa," alisema. "Meza ni ya chakula. Vitu vya mwilini hatuviweki mezani."

Morag akaushusha mkoba kwenye kigoda. "Siku ile," alisema polepole, "niliweka kikombe..."

"Ndiyo."

"Na ule mkate?"

"Kuku walikula."

Morag akawa mwekundu mpaka masikioni. "Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Na wewe kwa nini hukuuliza?"

Wakatazamana. Hūria, aliyekuwa mlangoni, akajifanya anatazama mawingu.

"Ni kweli," alisema Morag. "Nimeingia nyumba ya watu, sikuuliza. Naomba radhi."

"Na mimi nilipaswa kusema," alijibu Te Paea. "Haya. Mpime mtoto wangu."

Presha ilikuwa juu sana. Morag alipima mara ya pili ili awe na hakika. Mkojo nao haukuwa safi tena. Alipiga simu kuita gari la wagonjwa. Kisha akachuchumaa kando ya kitanda, akazungumza na Raukura na Te Paea kwa pamoja.

"Tunakwenda hospitali sasa hivi. Watakupa dawa ya kushusha presha, na dawa ya kuzuia degedege. Lakini ugonjwa huu hauanzi kuondoka mpaka mtoto atoke. Mtoto wako amekua vya kutosha. Huenda leo ukamwona."

"Atakuwa salama?" aliuliza Raukura.

"Mmeniita mapema kiasi cha kunipa moyo. Ingekuwa kesho, ningeogopa."

Te Paea alisikia neno hilo, kesho. Akashika nguzo ya kitanda. Alijua kwamba huu haukuwa wakati wa kuuliza jambo lolote lingine. Lakini moyo wake ulikataa kunyamaza.

"Na whenua?"

Morag akainuka. Gari la wagonjwa lilikuwa bado njiani. "Nieleze, Mama. Siku ile sikukusikiliza."

Basi Te Paea akamweleza. Akamweleza maana ya neno lile. Akamweleza habari za Rongo, na takataka zilizochomwa. Hakusema mengi. Hakuwahi kumsimulia mtu wa hospitali mambo hayo, na alishangaa sauti yake haikukatika.

"Siku ile nilijibu kwa haraka jambo nisilolijua," alisema Morag. "Baadaye niliuliza. Whenua ni ya mtoto na ya ukoo wake. Hospitali haina ruhusa ya kuitupa kama mnaitaka. Nilitaka kukwambia kwenye simu, lakini Raukura alikuwa amelala."

Hūria akakohoa. Te Paea akatazama chini.

"Mna chombo cha kuiwekea?" aliuliza Morag.

Kilikuwepo. Te Paea alikitoa kabatini, chungu cha udongo chenye mfuniko, kilichofinyangwa na dada yake Raukura. Alikibeba mwenyewe mpaka ndani ya gari la wagonjwa. Safari nzima kilikuwa mapajani mwake.

*

Hospitalini walimkuta Tamihana ameshafika, bado na buti za msituni. Baba yake Raukura akaja, na dada yake. Hūria alikuwa amewafuata na gari lake. Mlangoni mwa wodi, nesi kijana akawahesabu kwa macho.

"Samahani, ni wawili tu."

Zamani Te Paea angegeuka na kuondoka, au angegomba. Safari hii alimtazama Morag. Morag akaenda kwa nesi mkuu.

"Hawa si watu waliokuja kusalimia," alimwambia. "Kwao mama hazai peke yake. Ukoo ukiwa karibu, anatulia. Na huyu tunahitaji sana atulie."

Nesi mkuu alikuwa mtu mzima. Alifikiri kidogo, kisha akawapa chumba cha mwisho wa wodi, kikubwa, kisichosumbua wagonjwa wengine. Aliwaomba jambo moja tu, kwamba wauguzi wanapohitaji nafasi, wawapishe. Wakakubali.

Hūria akaomba sala ifanyike kabla ya kuanza. Wauguzi wakasimama kimya. Sala ilikuwa fupi. Ilipoisha, mabega ya Raukura yalikuwa yameshuka. Sala haikufanya kazi ya dawa. Dawa ilikuwa ikiingia mshipani kwa dripu. Lakini hata nesi kijana aliona kwamba mgonjwa ameacha kutetemeka.

Kisha nesi huyo akachukua mto uliokuwa kichwani mwa Raukura, akaanza kuuweka chini ya miguu yake iliyovimba. Te Paea akahisi ulimi unakuwa mzito. Akajilazimisha.

"Mwanangu, mto wa kichwani ni wa kichwani tu. Kichwa kwetu ni kitakatifu. Miguu itafutie mto mwingine."

Nesi akasimama. "Ahsante kwa kuniambia," alisema. Akaleta mto mwingine wa miguuni, na foronya ya rangi nyingine ili isichanganywe. Kisha akamwinamia Raukura. "Naweza kukushika kichwa, nikuweke vizuri?"

"Unaweza," alisema Raukura.

Te Paea alishangaa. Maneno machache, na hakuna aliyekasirika. Alijiuliza ni vitu vingapi alivinyamazia maishani mwake, akidhani watu wameamua kumdharau.

Daktari aliitwa Sandhu, mwanamke mwenye sauti ya chini. Alivuta kiti akakaa, macho yake yakiwa usawa mmoja na ya Raukura.

"Dawa imeshusha presha, lakini si kama tunavyotaka," alisema. "Na damu yako inaonyesha ini linaanza kuchoka. Kukuanzishia uchungu kutachukua muda mrefu. Nashauri upasuaji, leo hii. Najua ni jambo zito. Kwa sasa wewe na mtoto mko salama. Zungumzeni wenyewe kwanza. Mimi niko hapo nje."

Akatoka, akafunga mlango.

Walizungumza. Baba yake Raukura aliuliza kama hakuna njia nyingine. Hūria akaeleza alichokiona katika miaka yake ya kazi, yaliyokwenda vizuri na yaliyochelewa. Tamihana alikuwa ameshika mkono wa mkewe tu.

Raukura akamtazama Te Paea. "Mama?"

"Mwili ni wako, mwanangu," alisema Te Paea. "Nilishaamua kwa niaba yako mara moja, na tazama tulipofika. Sema wewe. Sisi tuko nyuma yako."

"Basi nataka," alisema Raukura. "Namtaka mtoto wangu, na nataka kuwa hai nimlee."

Ndani ya chumba cha upasuaji aliruhusiwa mtu mmoja wa familia. Tamihana akavalishwa nguo za kijani. Morag naye angeingia, kwa kuwa ndiye mkunga. Te Paea hangeingia.

Morag akasimama mbele yake, akanyoosha mikono yote miwili.

Te Paea alikuwa na chungu kifuani. Mlango ule ulifanana na mlango wa zamani. Vitu vilikuwa vikiingia kule na havirudi. Te Paea alikuwa amemfukuza mwanamke huyu nyumbani kwake bila kumwambia. Alimdanganya kwenye simu. Sasa alitakiwa kumpa kitu ambacho hakuwahi kumwamini mtu kukishika.

Vidole vyake vilichelewa kuachia. Kisha vikaachia.

"Usikiweke karibu na chakula," alisema.

"Kitakuwa mbele ya macho yangu, Mama."

Mlango ukafungwa.

Te Paea alitembea kwenye ukumbi, akaenda na kurudi. Hūria alikuwa amekaa kwenye benchi, amenyoosha magoti yake.

"Dada, kaa. Utachimba mtaro kwenye sakafu ya watu."

Te Paea akakaa. Akainuka tena. Mhudumu alipita na toroli ya chai. Watu wa familia walikunywa. Yeye hakuweza. Alimfikiria Raukura alivyokuwa siku alipoletwa nyumbani mara ya kwanza, anaona haya, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Alifikiri jinsi binti huyo alivyotaka kwenda kliniki, na jinsi alivyonyamaza kwa heshima.

Mlango ukafunguka. Alikuwa Tamihana. Kofia ya kijani ilikuwa imemkaa upande, na machozi yalikuwa yamejichora mashavuni mpaka kidevuni.

"Ni msichana," alisema. "Mdogo, lakini anapiga kelele kama wewe, Mama."

"Na Raukura?"

"Mzima. Ameniuliza kama mmekula."

Te Paea akavuta pumzi. Ilikuwa kama pumzi ya kwanza tangu mlango ule ufungwe. Nyuma ya Tamihana alikuja Morag, taratibu, kwa mwendo ambao hakuwahi kumwona nao. Alikuwa amekishika chungu kwa mikono miwili. Juu yake kulikuwa na kitambaa cheupe.

"Whenua ya mjukuu wako, Mama. Haikutoka machoni pangu."

Te Paea akakipokea. Udongo wa chungu ulikuwa na joto. Alikaa nacho kwenye benchi, akalia bila kuficha uso. Hakulia kwa huzuni. Hūria akasogea karibu, mabega yao yakagusana. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

*

Raukura alikaa wodini siku kadhaa, maana presha inaweza kupanda hata baada ya kujifungua. Morag aliwaeleza hilo, na safari hii Te Paea aliuliza maswali mpaka nesi mkuu akamwambia anafaa kuajiriwa. Mtoto alilala kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akinyonya kidogo kidogo na kuongezeka. Wakampa jina la Marino, yaani utulivu wa bahari isiyo na mawimbi.

Walipotoka, walikwenda mlimani kwenye ardhi ya wazee kabla ya jambo lingine lolote. Morag alialikwa. Alikuja na kuuliza asimame wapi, afanye nini, na asifanye nini. Tamihana akachimba shimo. Baba yake Raukura akasali. Raukura, akitembea polepole kwa sababu ya mshono, ndiye aliyeiweka whenua ardhini kwa mikono yake. Te Paea akamsaidia kuifukia.

"Sasa ana kwao," alisema Raukura.

Wakanawa mikono, wakashuka kwenda kula.

Baada ya hapo mambo hayakubadilika yote kwa siku moja. Lakini nesi mkuu aliwaita Te Paea na Hūria waje kuzungumza na wauguzi. Wakaenda. Te Paea aliwaambia habari za Rongo. Sasa katika wodi ile foronya za kichwani zina rangi yake na za miguuni zina rangi yake. Wauguzi huomba ruhusa kabla ya kugusa kichwa. Na Morag, akikutana na mama yeyote kwa mara ya kwanza, humwuliza mapema: kwenu mnapenda iweje, nani awe nawe, na whenua mtaichukua?

Te Paea naye ana kazi mpya ambayo hakuna aliyempa. Siku ya kliniki huwasha gari lake na kuwapitia wajawazito wa kule pwani. Kama mtu amelala, humgongea dirisha.

Wiki hii alimpitia Kiri, msichana wa nyumba ya chini, mwenye mimba changa. Kiri aliingia garini, akafunga mkanda, lakini mkono wake ukabaki kwenye kitasa cha mlango.

"Bibi, na wakifanya jambo lisilo sawa kwetu? Mimi naogopa kuwaambia."

"Utawaambia. Wengi hawajui tu."

"Na nikishindwa kusema?"

Te Paea akatia gia.

"Nitakuwa nimekaa hapo hapo pembeni yako," alisema. "Mimi nimeshajua kusema."